Jumba la Mfalme, Nyanza: usiuangalie msonge peke yake

Wanaopanda kilima cha Rukari, mjini Nyanza kusini mwa Rwanda, wengi hurudi na picha mbili kwenye simu: msonge mkubwa wa nyasi na ng'ombe mwenye pembe ndefu kuliko mikono ya mpiga picha. Nyumba iliyo hatua chache tu kutoka hapo, yenye kuta, madirisha na vyumba vilivyopangiliwa Kizungu, huipita kama vile wanakwenda msalani. Makumbusho haya yanahusu jinsi mfalme aliyezoea kuhama alivyowekwa mahali pamoja mpaka akapatiwa anwani, na habari hiyo huipati kwenye jengo moja. Unaipata ukisimama katikati ya mawili.

Kwanza, kwa nini Nyanza. Kabla ya mwisho wa karne ya 19 Rwanda haikuwa na mji mkuu wa kudumu. Mwami, yaani mfalme, alikuwa na maboma mengi, akihama na watu wake, ng'ombe wake na ngoma zake, na boma likiachwa lilirudi kuwa pori au shamba. Mwaka 1899 boma la Yuhi wa Tano Musinga likatua Nyanza na halikuondoka tena. Wajerumani walikuwa wameshaingia, wakitawala kutoka Dar es Salaam, na mtawala wa kigeni hawezi kufanya kazi na mfalme asiyejulikana yuko kilima gani. Hata Kigali, iliyoanzishwa na Richard Kandt mwaka 1907, ilikuwa kituo cha Wajerumani tu. Ikulu ya Rwanda ilikuwa Nyanza. Ukiyajua haya kabla ya kukata tiketi, nusu ya maonyesho umeshaielewa.

Msonge ndio unaoonekana kwanza, na uelewe kabla hujaingia: umejengwa upya. Hakuna aliyedanganya, na wanaolalamika kwamba "si wa asili" hawajui ufundi wenyewe. Nyumba ya nyasi haikai miaka mia. Katika nyumba inayokaliwa, moto wa jikoni huwaka kila siku, moshi unapanda, unakausha nyasi kwa ndani na kufukuza wadudu. Msonge wa makumbusho haukaliwi, kwa hiyo mvua inapenya taratibu, mchwa wanapata raha, na fundi lazima aezeke upya mara nyingi kuliko alivyofanya babu yake. Ukiona sehemu ya paa ina nyasi za rangi mbili, mpya juu ya kuukuu, usidhani ni uzembe. Hivyo ndivyo nyumba hii inavyotunzwa. Na kwa kuwa boma la mfalme lilikuwa kitu cha kuachwa, nakala iliyojengwa kwa mikono ya mafundi wa leo inakaribia ukweli kuliko ambavyo gofu la kale lingekaribia.

Mtu wa Bukoba akiuona atasema mushonge bila kufundishwa, na hatakosea sana; nyumba za duara zenye paa linaloshuka karibu na ardhi ni za eneo zima la Maziwa Makuu. Tofauti iko kwenye kipimo na usukaji. Ingia polepole. Mlango ni mfupi, lazima uiname, na hiyo ilikuwa makusudi: hakuna anayeingia kwa mwami akiwa amesimama wima. Ndani ni giza. Subiri dakika moja au mbili macho yazoee kabla hujaanza kupiga picha, maana mwanga wa simu huvifanya viambaza vya matete vionekane kama ukuta mtupu, wakati uzuri wote uko kwenye ususi wake. Viambaza hivyo, insika kwa Kinyarwanda, ndivyo vinavyogawa nyumba: upande wa kupokea watu, jiko katikati, na kitanda kilichoinuliwa kule ambako mgeni wa kawaida hafiki. Angalia juu pia. Fito zinazunguka kuanzia kileleni duara baada ya duara, na ukizifuata kwa macho utaona mahali zilipounganishwa.

Nyuma ya msonge mkuu kuna nyumba ndogo mbili, na hapa ndipo tungekushauri ukae muda mrefu zaidi: nyumba ya maziwa na nyumba ya pombe. Waongozaji wataeleza kwamba ya maziwa ilitunzwa na msichana ambaye hajaolewa, na ya pombe na kijana wa kiume. Wengi hucheka hapo, wanapiga picha, wanaondoka. Badala yake muulize mwongozaji akuonyeshe vyombo kimoja kimoja na jina lake. Icyansi ni chombo cha mti cha kukamulia. Inkongoro ni cha kunywea. Igisabo ni kibuyu kikubwa cha kusukasukia maziwa mpaka siagi itoke. Vifuniko vyake ni kawa ndefu zilizochongoka zilizosukwa kwa ustadi wa kutisha, na mtu aliyelelewa na ukili wa Pwani atasimama hapo muda mrefu akihesabu mizunguko. Viguse kwa macho tu. Nyasi kavu zilizosukwa miaka mingi huvunjika kwa kidole kimoja.

Maziwa hapa hayakuwa chakula tu. Yalikuwa hesabu ya serikali. Kila jeshi la mwami lilikuwa na kundi lake la ng'ombe, na ng'ombe bora kupita wote, inyambo, walichaguliwa, wakapewa majina ya sifa na kutungiwa mashairi kama wafalme. Salamu ya zamani ya heshima ni "Amashyo!", yaani nakutakia makundi ya ng'ombe, na jibu lake ni "Amashongore!". Msalimie hivyo mzee yeyote mjini Nyanza uone uso wake.

Inyambo wanafugwa palepale kwenye makumbusho. Ni wa ukoo mmoja na ng'ombe wa Ankole, lakini hawa wamefundishwa: wanazoea sauti ya mchungaji wao, wanaimbiwa, wanavishwa shanga usoni, na wakiitwa hutembea kwa mwendo wa madaha. Kwa hiyo mambo matatu. Usisimame nyuma yao wala kati ya ng'ombe wawili, kwa sababu ng'ombe mwenye pembe za kuzidi mita moja akigeuza kichwa kumfukuza nzi hajui kama upo. Usijaribu kumshika pembe ili upate picha. Mwachie mchungaji aseme wapi pa kusimama. Na unapokata tiketi uliza kwanza ng'ombe wako wapi. Kama wako karibu kwenda malishoni, anza nao, majengo hayatakimbia. Kama wamekwishakwenda, maliza majengo kwanza. Anayekosa kuuliza swali hili hujikuta anaangalia zizi tupu, na hilo ndilo lalamiko linaloepukika kirahisi kuliko mengine yote.

Sasa nyumba ya kuta. Ilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1930 kwa ajili ya Mutara wa Tatu Rudahigwa, na huwezi kuielewa bila kujua kilichompata baba yake. Musinga alikataa kubatizwa na hakuwa tayari kuwa chombo cha Wabelgiji, waliochukua nchi kutoka kwa Wajerumani wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia. Tarehe 12 Novemba 1931 walimwondoa. Akapelekwa Kamembe, karibu na Ziwa Kivu, na baadaye ng'ambo ya mpaka hadi Moba, Congo, ambako alifariki mwaka 1944. Siku nne tu baada ya kuondolewa kwake, tarehe 16 Novemba, mwanawe alitawazwa. Alikuwa na miaka takriban 20. Nyumba hii ndiyo aliyopewa.

Basi ipite ukiwa na hilo kichwani. Kuna mahali pa kupokea wageni, mahali pa mikutano, ofisi, na sehemu ya mfalme binafsi. Linganisha na msonge. Kule chumba ni kimoja na viambaza ndivyo vinavyoamua nani afike wapi, na mwenye kuamua ni watu wa mfalme. Huku kuna korido, milango na ofisi. Mpangilio ni wa mtumishi wa serikali wa cheo cha juu. Mapambo ya ukutani ya maumbo ya pembe pembe kwa rangi za Kinyarwanda ni mazuri, lakini ni mapambo juu ya ukuta wa mtu mwingine. Wanaosema nyumba hii ni "ndogo kwa mfalme" wamegusa jambo bila kujua. Hapa ndipo maonyesho yanaposema kwa sauti kubwa kuliko maandishi yoyote, mradi tu utoke, urudi kwenye msonge dakika tano, kisha uingie tena.

Picha za zamani zilizotundikwa zinahitaji mtu wa kuzisoma. Kabla hujaenda, jifunze mpangilio mmoja mdogo wa majina, maana bila huo Mutara, Kigeli na Yuhi hugeuka uji. Wafalme hawakuchagua jina la utawala; lilifuata zamu. Mzunguko huanza na Mutara au Cyirima, wanaohusishwa na ng'ombe. Anafuata Kigeli, kisha Mibambwe, ambao ni wafalme wa vita. Na mwisho Yuhi, mfalme wa moto na matambiko, ambaye desturi ilimkataza kuvuka mto Nyabarongo. Halafu duru inaanza upya. Pachika majina ya Nyanza kwenye duru hiyo: Kigeli wa Nne Rwabugiri, aliyefariki mwaka 1895, alikuwa mpiganaji kweli kweli, Mibambwe wa Nne Rutarindwa aliangamia Rucunshu mwaka 1896 katika mapinduzi ya ndani ya ukoo, Yuhi wa Tano Musinga akawekwa akiwa mtoto, mama yake Kanjogera na wajomba wakishika hatamu, kisha Mutara wa Tatu, kisha Kigeli wa Tano. Kwa maoni yetu si bahati kwamba boma lilisimama wakati wa Yuhi. Mfalme ambaye tayari mila inambana upande mmoja wa mto ni rahisi zaidi kumkalisha.

Na Mutara, mfalme wa ng'ombe kwa jina, ndiye aliyefuta ubuhake mwaka 1954, ule mkataba wa mtu kupewa ng'ombe na kubaki chini ya aliyempa. Mwongozaji akifika hapo, mwombe aeleze ng'ombe waligawanywaje baada ya hapo na malisho yalibaki ya nani. Hilo ni swali zuri. Swali jingine zuri ni la ngoma. Kwa Kinyarwanda ingoma ni ngoma na ni ufalme pia, neno moja, na Mswahili hahitaji kueleweshwa uzito wake. Ngoma kuu ya ufalme iliitwa Karinga. Usiitafute kwenye maonyesho, haipo. Ilitoweka ufalme ulipoanguka. Ukiuliza ilikwenda wapi utapata majibu yasiyofanana, na kuyasikiliza ni sehemu ya ziara.

Kuna kipande kimoja cha Kiswahili ndani ya habari hii ambacho msomaji wetu asikikose. Wajerumani walitawala kwa Kiswahili, na Musinga alijifunza lugha hiyo akiwa hapahapa Nyanza. Katika boma hili lugha yetu ilitumika kwa mazungumzo ya serikali zaidi ya karne moja kabla Rwanda haijaifanya kuwa lugha rasmi mwaka 2017. Hata hivyo usidhani kila mwongozaji anaimudu. Uliza kaunta kabla ziara haijaanza. Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza ndizo zenye uhakika, na kumbadilisha mwongozaji katikati ya ziara ni usumbufu kwa kila mtu.

Kufika ni rahisi. Mabasi yanatoka stendi ya Nyabugogo, Kigali, kuelekea kusini, na safari ni ya karibu saa mbili kwa barabara ya lami yenye kona nyingi. Hakikisha umekata tiketi ya Nyanza mjini. Basi la Huye hukushusha njia panda kwenye barabara kuu, na mji uko ndani kidogo, hivyo utalazimika kupanda pikipiki kuingia mjini na kupanda Rukari. Mwambie dereva "Rukari" au "kwa mwami". Neno "makumbusho" pekee linaweza kukupeleka kwingine. Pia usichanganye hapa na makumbusho makubwa ya Huye, yaliyofunguliwa mwaka 1989: yale ni ya maisha ya Wanyarwanda kwa jumla na yanafaa sana, lakini ni mji mwingine, mbele zaidi kwenye barabara hiyohiyo. Mwenye gari anaweza kuyaona yote mawili kwa siku moja akiondoka Kigali mapema. Mwenye kutegemea basi achague moja.

Saa za kawaida ni kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni umuganda, kazi za pamoja za nchi nzima. Asubuhi hakuna usafiri wala huduma, na makumbusho hufunguliwa saa 5. Tarehe 7 Aprili hufungwa kwa kumbukumbu ya mauaji ya kimbari. Kiingilio kina viwango tofauti kwa raia, wakazi na wageni, basi beba kitambulisho au pasi. Bila hiyo utalipa kiwango cha juu. Uliza palepale kama kupiga picha ndani ya nyumba ya kuta kunaruhusiwa na kama kuna malipo yake. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Rwanda nzima, kwa hiyo chakula chako kiweke kwenye kikapu au mkoba wa kitambaa. Kati ya Machi na Mei njia za udongo huteleza. Viatu vyenye meno. Anayepata nafasi aje karibu na Ijumaa ya kwanza ya Agosti, sikukuu ya Umuganura ya mavuno, ambapo Nyanza huwa na ngoma na wageni wengi, ingawa siku hiyo hutapata nafasi ya kutosha ndani ya msonge.

Ziara ya haraka ni saa moja. Ya maana ni saa mbili na nusu, na hiyo ni pamoja na Mwima, penye makaburi ya kifalme.

Rwesero, jumba la pili kwenye kilima jirani, linatosha kutazamwa kwa nje. Lilijengwa kwa ajili ya Mutara mwishoni mwa miaka ya 1950, akafariki kabla ya kuhamia. Kwa miaka kadhaa lilikuwa makumbusho ya sanaa, kisha mkusanyiko ukahamishiwa Kanombe, Kigali.

Mwima usiikose hata kama mvua inanyesha. Wafalme wa zamani walizikwa mbali na maboma yao, sehemu kama Rutare kaskazini. Mutara alifariki ghafla Bujumbura tarehe 25 Julai 1959, akiwa ametoka kwa daktari Mbelgiji, na kifo hicho kinabishaniwa hadi leo. Alizikwa hapa Mwima tarehe 28, na penye kaburi, mbele ya wakoloni ambao hawakutarajia, watunza siri wa ufalme wakamtangaza mrithi: Kigeli wa Tano Ndahindurwa. Simama pale ukijua kwamba tangazo hilo lilikuwa tendo la mwisho la ufalme kujiamulia wenyewe. Miezi michache baadaye machafuko yalianza. Mwaka uliofuata Kigeli alikuwa uhamishoni, na tarehe 28 Januari 1961 Rwanda ilitangazwa jamhuri huko Gitarama.

Makaburi ni matatu. La Mutara. La mkewe, Malkia Rosalie Gicanda, aliyebaki nchini akiishi kimya Butare, ambayo sasa ni Huye, hadi alipouawa tarehe 20 Aprili 1994 akiwa mwanamke mzee; mauaji yake yalikuwa sehemu ya kesi iliyosikilizwa katika mahakama ya kimataifa ya Arusha. Na la Kigeli wa Tano, aliyepita Dar es Salaam, Kampala na Nairobi kabla ya kufika Marekani, akafariki huko Oktoba 2016, na kurudishwa baada ya ndugu kushindana mahakamani kuhusu mahali pa kumzika. Alizikwa tarehe 15 Januari 2017. La Musinga halipo.

Hapa hakuna haja ya maelezo marefu na mwongozaji mzuri huacha kusema kwa muda. Vaa kwa staha, usikae juu ya kingo za makaburi, na ulizia picha kabla ya kupiga.

Ukirudi mjini una muda kabla ya basi la mwisho, ambalo ni vizuri kuulizia saa zake asubuhi unaposhuka. Tafuta duka lolote lenye bango la "amata", yaani maziwa. Agiza ikivuguto, mtindi wa kunywa, glasi kubwa, na chapati au andazi la pembeni. Usitie sukari kabla hujaonja.